Mwinyi Mkuu wa Unguja: Jina la Enzi na Majengo Yake

Katika njia itokayo mji wa Unguja kwenda Chwaka, mahali paitwapo Dunga, pana magofu ya nyumba kubwa ya mawe. Nyumba hiyo ilikuwa makao ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa kisiwa, na kwa watu wengi wa leo ndiyo alama pekee ya enzi yake ionekanayo kwa macho. Wageni hupelekwa hapo, wakaonyeshwa kuta na kisima, wakasimuliwa habari za ukali wa wafalme wa kale. Kisha huondoka wakiamini kwamba wameiona enzi ya Mwinyi Mkuu katika ukamilifu wake.

Imani hiyo haina msingi imara. Nyumba ya Dunga ilijengwa baina ya mwaka 1846 na mwaka 1856, na Mwinyi Mkuu wa mwisho alifariki mwaka 1873. Kwa hiyo jengo hilo lilikaliwa na wenye enzi kwa muda usiotimia miaka thelathini, ilhali watawala wa nasaba hiyo wanajulikana tangu zamani za Wareno. Tena ilijengwa wakati ambapo amri ya kisiwa ilikuwa imekwisha kupita katika mikono mingine. Basi swali linalostahili kuulizwa si jinsi jumba lilivyokuwa kubwa, bali ni kwa nini mtawala aliyepungukiwa na mamlaka alijenga nyumba ambayo wazee wake, waliokuwa na mamlaka zaidi, hawakuacha mfano wake. Jawabu la swali hilo haliwezi kupatikana katika mawe peke yake. Lazima litafutwe pia katika jina la enzi lenyewe, katika vyombo vilivyoambatana nalo, na katika hukumu ambayo wenyeji waliitoa juu yake kwa njia ya masimulizi.

Jina na maana yake

Neno mwinyi ni sura ya neno mwenye, yaani mtu aliye na kitu. Katika lugha nyingi za Kibantu shina hili limetumika kutaja mtu mwenye nchi au mwenye amri. Wareno walipokutana na dola ya Mutapa, kusini ya mto Zambezi, walilisikia katika jina la Mwene Mutapa, nao wakaliandika kwa sauti zao hata likageuka kuwa kama neno moja. Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na mamwinyi wengi: wakuu wa miji, wa mitaa, na wa koo. Kilichomtenga mtawala wa Unguja na hao wengine si neno mwinyi, bali sifa iliyofuata. Yeye alikuwa Mwinyi Mkuu, maana yake mwenye aliye juu ya wenye wengine.

Sifa hii ya ukuu yaonekana pia katika jina la mji wa kale wa Unguja Ukuu, ulioko upande wa kusini-magharibi wa kisiwa. Hapo neno Unguja limefuatwa na upatanisho wa u-, likapata sifa ya ukuu kama vile mtu apatavyo sifa ya mkuu. Haifai kudai kwa sababu hiyo tu kwamba jina la mji na jina la mtawala vilizaliwa siku moja. Lakini yatosha kuonyesha kwamba lugha ya wenyeji ilikuwa na njia yake ya kupanga daraja za miji na za watu, bila ya kuazima neno la kigeni.

Jambo la pili la kutazamwa ni kwamba jina hili halibagui mwanamume na mwanamke. Mwenye kitu aweza kuwa ye yote. Katika habari za Unguja wanatajwa watawala wanawake, miongoni mwao yule aliyejulikana kwa jina la Mwana Mwema katikati ya karne ya 17, na Fatuma binti Yusuf mwishoni mwa karne hiyo. Kwa Kiswahili cha pwani mwana ni neno la heshima kwa mwanamke mwungwana, kama vile mwinyi lilivyokuwa kwa mwanamume mkubwa. Lakini utawala wenyewe haukufungiwa upande mmoja.

La tatu ni ule mpaka ulioko baina ya lugha ya kinywa na lugha ya jiwe. Katika ukuta wa kibla wa msikiti wa Kizimkazi Dimbani kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika mawe ya matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladi. Maandishi hayo yanamtaja aliyeamuru kujengwa kwa msikiti, Musa bin al-Hasan, kwa laqabu za sheikh na sayyid. Kadhalika huko Kilwa, katika uchimbaji uliofanywa kwenye jumba la Husuni Kubwa chini ya uongozi wa Neville Chittick, yalipatikana maandishi yaliyomtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa laqabu ya al-Malik al-Mansur, mfalme aliyenusuriwa. Sultani huyo ndiye aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Majina haya yote ni ya Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu ndiyo lugha iliyostahili kuandikwa katika jiwe, isomwe na wasafiri na wanachuoni kutoka nchi za mbali. Jina la Mwinyi Mkuu lilikuwa jina la kuitwa na raia, litamkwalo mezani, shambani na barazani. Mwenye kutafuta historia ya enzi kwa kusoma mawe tu ataona nusu yake iliyokusudiwa wageni, na ile nusu iliyokusudiwa wenyeji itampita.

Miji kabla ya Dunga

Unguja Ukuu ni miongoni mwa miji ya kale kabisa ya pwani. Wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba mahali hapo palikuwa na watu na biashara ya bahari kabla ya mwaka 700. Vimepatikana vigae vya vyombo vya wenyeji pamoja na vile vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na hata Uchina. Mji ulishamiri, ukapungua, ukakaliwa tena. Kizimkazi nayo, kama tarehe ya msikiti ishuhudiavyo, ilikuwa mahali pa watu wenye mali na elimu mwanzoni mwa karne ya 12. Msikiti huo ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini waliojenga upya waliyahifadhi maandishi ya kale, wakaandika na tarehe yao, mwaka 1184 wa Hijra. Kitendo hicho ni ushahidi mkubwa kuliko ukuta wenyewe: watu wa Kizimkazi walijua kwamba jiwe lile lilikuwa la wazee wao, wakataka warithi wao walijue.

Mwaka 1503 Mreno Ruy Lourenço Ravasco alifika katika maji ya Unguja, akakamata vyombo vya biashara, akapigana na watu wa mfalme, na mwisho akamlazimisha mtawala kukubali kulipa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Tangu hapo enzi ya Unguja iliishi baina ya mataifa mawili ya nje, na busara ya watawala wake ikawa ni kujua ni nani wa kumlipa na ni nani wa kumkimbilia. Hali hiyo haikuwa ya Unguja peke yake; miji yote ya pwani iliionja. Lakini Unguja, kwa kuwa haikuwa na ngome wala jeshi kubwa kama la Mombasa, ilitegemea zaidi mapatano.

Yasemekana kwamba Yusuf, mtawala wa Unguja katika karne ya 17, alipofariki nchi yake iligawanywa baina ya watoto wake: Bakari akapata upande wa kusini, makao yake Kizimkazi, na Fatuma akapata upande wa kaskazini pamoja na mahali ulipo mji wa leo. Fatuma aliolewa na Abdullah, mfalme wa Utondwe, katika mrima mkabala wa kisiwa. Nyumba yake, kwa masimulizi ya mji, ilikuwa karibu na ufuo, mahali palipokuja kujengwa Beit al-Ajaib. Waarabu wa Omani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia mwaka 1696, Fatuma alisimama upande wa Wareno, akawapelekea chakula waliozingirwa. Ngome ikaanguka mwezi wa Desemba mwaka 1698, na malkia akalipa kwa uaminifu wake: alichukuliwa Maskati, akakaa uhamishoni kiasi cha miaka kumi kabla ya kurejeshwa kwao.

Alichokikuta aliporudi chatosha kueleza jinsi hali ilivyobadilika. Pembeni mwa makao yake, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, Waomani walikuwa wamejenga ngome, ile iitwayo leo Ngome Kongwe. Malkia alirudishiwa jina lake na watu wake, lakini dirishani mwake palikuwa na mizinga ya mwingine. Hapo ndipo historia ya majengo ya Unguja ilipogawanyika mara ya kwanza: jina la enzi likabaki katika nyumba moja, na nguvu ya enzi ikahamia katika nyumba ya pili.

Wafalme wawili katika kisiwa kimoja

Mgawanyiko huo ulikamilika katika zamani za Seyyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kwa muda wa miaka mingi Waomani walikuwa wameridhika na bandari, ushuru na ngome. Mashamba na vijiji viliachwa chini ya Mwinyi Mkuu na masheha wake. Karafuu ndiyo iliyovunja mpango huo. Zao hilo lilipoonekana kuwa na faida kubwa, ardhi yenye rutuba ya magharibi na ya kati ya kisiwa ilitwaliwa ikafanywa mashamba, na wenyeji walioitwa Wahadimu wakasukumwa taratibu kuelekea mashariki na kusini, penye mawe na udongo haba.

Jina hilo la Wahadimu latoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mtumishi. Wenyewe wengi wao walipendelea kuitwa Washirazi, au kutajwa kwa majina ya vijiji vyao. Yafaa izingatiwe kwamba watu ambao kwa lugha yao walikuwa raia wa Mwenye aliye Mkuu, kwa lugha ya wageni waliitwa watumishi. Majina mawili haya hayakuweza kukaa pamoja kwa amani, na kupungua kwa moja kulikuwa ndiko kuzidi kwa lingine.

Mwinyi Mkuu wa zama hizo alikuwa Muhammad bin Ahmed bin Hasan al-Alawi, aliyezaliwa mwaka 1785. Seyyid Said hakumwondoa katika cheo chake, wala hakuona haja. Walipatana kwamba wenyeji watoe kodi na kufanya kazi, na kwamba Mwinyi Mkuu ndiye atakayeikusanya kodi hiyo kwa mkono wa masheha, sehemu yake ikibaki kwake. Kwa mtazamo wa dola mpango huu ulikuwa mwepesi na wa gharama ndogo. Kwa mtazamo wa raia ulikuwa na sura nyingine: yule aliyekuwa kinga yao baina yao na wageni alifanywa mlango ambao wageni waliingilia. Kodi iliyodaiwa na Sultani ililetwa mlangoni na sheha wa Mwinyi Mkuu.

Hata hivyo heshima haikukatika. Yasimuliwa kwamba kuna wakati Mwinyi Mkuu alikamatwa akawekwa kizuizini, na mvua ikakatika nchini. Watu wakasema kwamba ardhi imeghadhibika kwa kufungwa mwenyewe, na dola ikaona ni heri kumwachia. Mwanahistoria hahitaji kuthibitisha habari ya mvua ili apate faida ya habari hiyo. Inaonyesha wazi kwamba machoni pa wenyeji Mwinyi Mkuu alikuwa mwenye ardhi kwa maana isiyoweza kuandikwa katika hati. Sultani aliweza kutwaa shamba. Mvua ya shamba hilo haikuwa katika uwezo wake.

Nyumba ya Dunga

Muhammad bin Ahmed alikuwa akikaa Bweni, kusini ya mji, ng'ambo ya maji, kabla ya kuhamia Dunga. Kuhama huku kwatafsirika kwa njia mbili. Waweza kusema kwamba alijitenga na mji ambao haukuwa wake tena, akaingia katikati ya kisiwa karibu na watu wake. Waweza pia kusema kwamba alikwenda kuweka alama yake katika mpaka, kwa kuwa Dunga ipo pale inapokaribia kwisha ardhi ya karafuu na kuanza nchi ya mawe waliyobakishiwa wenyeji. Tafsiri hizi mbili hazipingani. Nyumba iliyosimama mahali hapo iliangalia pande zote mbili: magharibi kwenye mali, na mashariki kwenye raia.

Jengo lenyewe lilifuata namna ya nyumba kubwa za zama zile. Lilikuwa la ghorofa, la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye kuta nene na sakafu zilizobebwa na boriti. Kwa kuwa urefu wa boriti ndio uamuao upana wa chumba, nyumba za namna hii katika pwani yote huwa na vyumba virefu vyembamba, na ukuu wa mwenyewe huonyeshwa kwa wingi wa vyumba na unene wa kuta kuliko kwa upana wa ukumbi. Dunga haikuwa nyumba ya namna mpya. Mfano wake ni majumba ambayo Seyyid Said na matajiri wa mji walikuwa wakijijengea wakati ule ule, kama lile la Mtoni kwenye ufuo wa magharibi. Kwa hiyo Mwinyi Mkuu, alipotaka kuonyesha kwamba naye ni mfalme, alionyesha kwa lugha ya majengo iliyokuwa ya mpinzani wake. Hili ndilo jawabu la swali lililoulizwa mwanzo. Wazee wake hawakuhitaji jumba kama hilo kwa sababu hapakuwa na jumba lingine la kulinganisha nalo. Nyumba ilimalizika mwaka 1856, na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Seyyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Omani.

Masimulizi juu ya ujenzi wa Dunga ni ya kutisha. Yasemwa kwamba watumwa walichinjwa katika misingi ya nyumba, na damu yao ikachanganywa na chokaa ili kuta ziwe imara. Habari za namna hii zimetajwa katika vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa katika zama za ulinzi wa Waingereza, zikarudiwa na waongozaji wa wageni mpaka leo. Wako wanaoziamini zote, na wako wanaozitupa zote kwa kudhani kwamba zilitungwa na Wazungu ili kuwashushia hadhi watawala Waafrika. Njia zote mbili ni fupi mno. Kwa upande mmoja, kuwepo kwa habari hakuthibitishi tendo, na visa vya damu katika misingi husimuliwa juu ya majumba mengi ya wakubwa katika nchi nyingi. Kwa upande wa pili, kisa hiki kilisimuliwa na wenyeji wenyewe, na kisa hakidumu vizazi vitatu au vinne bila ya kuwa na kazi ya kufanya.

Kazi ya kisa hiki yaonekana kuwa ni kutoa hukumu. Nyumba ya Dunga ilijengwa kwa kazi za watu ambao kwa wakati ule ule walidaiwa kodi na kunyang'anywa ardhi. Usemi kwamba ukuta umesimama kwa damu waweza kuwa wa uongo kwa maana ya chokaa, ukawa wa kweli kwa maana ya jasho. Raia hawakumnyima Mwinyi Mkuu heshima yake ya mvua. Lakini hawakuisahau gharama ya jumba lake. Yule mmoja ambaye ardhi ililia kwa kufungwa kwake ndiye ambaye ukuta wake ulinyweshwa damu. Masimulizi haya mawili, yakiwekwa pamoja, yanaieleza hali ya enzi iliyokuwa baina ya watu na dola kwa ufasaha kuliko hati yo yote.

Ngoma na siwa

Enzi ya Mwinyi Mkuu ilikuwa na vyombo vyake: ngoma za mti zilizochongwa na kutiwa maandishi kwa herufi za Kiarabu, na siwa, yaani baragumu kubwa. Hivi ndivyo vilivyokuwa dalili ya kweli ya utawala, na mwenye kuvimiliki ndiye mwenye jina. Desturi hii ilienea pwani nzima. Pate ilikuwa na siwa yake ya pembe za ndovu, na Lamu yake ya shaba, nazo zimehifadhiwa mpaka leo. Huko Pemba, katika magofu ya Pujini yanayonasibishwa na mtawala mkali aitwaye Mkama Ndume, wachimbaji walikuta katika chumba cha chini ya ardhi taswira ya siwa iliyofanyizwa kwa chokaa ukutani. Hata pale ambapo mtawala alijizungushia boma na handaki, kilichotiwa mahali pa siri zaidi kilikuwa ni alama ya baragumu.

Tofauti ya vyombo hivi na jumba ni kubwa. Jumba hujengwa na mtu mmoja katika maisha yake, na hubeba jina lake. Ngoma hurithiwa. Jumba laweza kuingiwa na adui akalala ndani yake, lakini ngoma yaweza kufichwa. Jumba huonekana na kila apitaye. Ngoma husikika na wale tu wanaojua maana ya mlio wake. Yasimuliwa kwamba ngoma za Mwinyi Mkuu zilihifadhiwa kwa siri, na kwamba nchi ilipofikwa na jambo zito zililia zenyewe bila ya kupigwa. Watu walionyang'anywa mengi waliweka imani yao katika kitu ambacho kingeweza kubebwa usiku kikapelekwa mahali pengine.

Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, akafuatwa na mwanawe Ahmed. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mingi, na mwaka uliofuata Ahmed alifariki kwa ndui bila ya kuacha mtoto mwanamume. Sultani wa wakati huo, Seyyid Barghash, hakumweka mwingine mahali pake. Hapakuwa na vita wala tangazo la kumwondoa mfalme. Kiti kiliachwa kitupu, na kazi za kiti zikaingizwa katika serikali ya Sultani. Enzi iliyoanza kwa mapatano ilikwisha kwa kunyamaziwa.

Baada ya mwisho

Miaka kumi baada ya kifo cha Ahmed, yaani mwaka 1883, Barghash alijenga Beit al-Ajaib, jengo refu kuliko yote ya mji, kwenye ufuo ambao masimulizi huuhesabu kuwa ni kiwanja cha Malkia Fatuma. Dunga ikaachwa. Paa likaanguka, miti ikaota ndani. Walioandika juu ya Unguja mwanzoni mwa karne ya 20, kama vile Pearce katika kitabu chake cha mwaka 1920, waliikuta tayari ni gofu. Ngoma na siwa zilitolewa mafichoni zikaingia katika hazina ya makumbusho ya Zanzibar, ambayo jengo lake la Beit al-Amani lilifunguliwa mwaka 1925. Usultani nao ulipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Na Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa ili ishinde majumba yote, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya kuitengeneza ilipokuwa ikiendelea. Magofu ya mshindi na magofu ya mshindwa leo yanahitaji fundi yule yule, chokaa ile ile, na fedha kutoka mfuko mmoja.

Lakini jina la enzi lina historia baada ya majengo, na historia hiyo imo katika lugha. Cheo cha Mwinyi Mkuu kilikufa mwaka 1873. Cheo cha sheha, aliyekuwa mtumishi wake, kingali hai. Serikali ya Sultani ilikihifadhi, Waingereza wakakihifadhi, na hata leo kisiwa kimegawanywa kwa shehia, na kila shehia ina sheha wake. Vijijini kusini, wavyale wameendelea kutambuliwa kuwa walinzi wa mizimu na wa mipaka ya ardhi, na wazee wa watu wanne wakaendelea kuamua mambo ya mji. Kichwa cha mti kilikatwa, mizizi ikabaki, kwa sababu mizizi ndiyo iliyokuwa na kazi ya kila siku.

Neno mwinyi lenyewe lilifuata njia mbili. Kwa njia ya kwanza limebaki katika majina ya watu: Mwinyi, Mwinyimkuu, Mwinyihaji, Mwinyikombo. Humo limehifadhi heshima yake, ijapokuwa mwenye kuitwa huenda asijue asili yake. Kwa njia ya pili liligeuka kuwa neno la lawama. Katika Kiswahili cha siasa cha baada ya uhuru, umwinyi ulikuja kuwa na maana ya utawala wa wachache wenye ardhi juu ya wengi wafanyao kazi. Na katika mazungumzo ya kawaida, kuishi kimwinyi ni kukaa kitako na kuhudumiwa na wengine. Mabadiliko haya si ajali ya lugha. Yamo ndani yake yale yale yaliyomo katika kisa cha damu na chokaa: watu wamekumbuka kwamba mwenye nchi alikuwa baba wa mvua, na wamekumbuka kwamba alikuwa mlango wa kodi. Lugha imeyahifadhi yote mawili, moja katika jina la mtoto na la pili katika neno la kulaumu.

Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi Dunga haimaliziki kwa kuziba nyufa za kuta. Gofu likionyeshwa peke yake litafundisha kwamba enzi ya wenyeji wa Unguja ilikuwa jumba moja la ghorofa na kisima cha kutisha, na kwamba ilianza na kwisha katika karne ya 19. Likionyeshwa pamoja na jiwe la Kizimkazi, ngoma na siwa, mipaka ya wavyale, na maana mbili za neno mwinyi, litaonekana kwa haki yake: ni nyumba ya mwisho ya enzi ndefu, iliyojengwa jioni, na mtu aliyekuwa na jina kubwa na mamlaka madogo, kwa gharama ya watu waliompenda na kumwogopa. Kuta hizo zitaendelea kupukutika kila masika. Ngoma ni za mti, nazo zaweza kuliwa na mchwa. Neno lingali katika vinywa vya watu, na ndilo ambalo mwenye kuandika historia ya Unguja anapaswa kulichimba kwanza.